Siku Kocha Alipoingia Ulingoni

Nambis nzima tulimwita Kocha, hata mabibi ambao hawakuwahi kuona mieleka ikipigwa. Jina lake halisi lazima lilikuwa limeandikwa kwenye kitambulisho fulani, lakini mimi sikuwahi kulisikia likitamkwa na mtu. Alikuja kijijini kabla sijaanza shule, akapanga nyumba ya vyumba viwili pembeni mwa mikaratusi ya kanisa, akakaa. Wengine walisema alikuwa askari. Wengine walisema alikuwa mpishi wa askari. Yeye hakukubali wala kukataa. Ukimuuliza alikuwa anafanya nini huko alikotoka, alijibu, "Nilikuwa naamka mapema," akaendelea na kazi yake.

Sikio lake la kushoto lilikuwa limevimba na kujikunja kama uyoga uliokauka. Watoto tulimuuliza, na kila mmoja alipewa jibu lake. Mimi niliambiwa alipigwa teke na punda. Dada yangu aliambiwa ni nyuki. Miaka ilipita, nikaanza kupigana mieleka, sikio langu likaanza kujaa maji na kuuma hata nikililalia, na hapo nikajua. Hakuna aliyehitaji kunieleza.

Salamu zake zilikuwa na mkia. Ukimwambia, "Shikamoo, Kocha," alijibu, "Marahaba, kunja magoti kidogo." Au, "Marahaba, mbona unapumulia mdomo?" Mama alimsalimia njiani akitoka kisimani na ndoo kichwani, naye akajibu vizuri, akauliza hali za nyumbani, kisha akasema, "Lakini mama, mguu wa kulia unauonea. Ugawe mzigo." Mama alirudi nyumbani akicheka. Wiki nzima tulimwona akitembea kwa kujichunga.

Nyuma ya nyumba yake alichimba shimo la kina kifupi, akalijaza maranda aliyoyabeba kwa magunia kutoka kwa wapasua mbao, akatandika turubai la kijani juu yake na kulikaza kwa vigingi pande zote. Huo ndio ulikuwa ulingo wetu. Kila jioni aliufagia, na asubuhi aliufuta umande kwa shuka kuukuu. Hakuna aliyeruhusiwa kuukanyaga na viatu. Siku moja mtendaji wa kijiji alikuja kumtembelea, akiwa na mabuti ya mvua yaliyojaa tope, akapanda juu ya turubai ili aonekane na sisi vijana. Kocha hakumkaripia. Alipiga magoti mbele yake, akasema, "Samahani, mkubwa," akamvua buti la kwanza, kisha la pili, akayaweka pembeni yakiangalia nje. Mtendaji alibaki na soksi zake, moja ina tundu. Alimaliza hotuba yake akiwa hivyo hivyo.

Nikisema sisi vijana, nasema habari za mwanzo. Kulikuwa na wakati ambapo tulifika kumi na zaidi pale kwa Kocha. Halafu mmoja akaenda Arusha kufanya kazi ya ujenzi, wawili wakaenda kwenye migodi, mwingine akaoa na mke wake akakataa. Hawakuaga. Asubuhi moja ulikuta nafasi ya mtu iko wazi, na Kocha alifanya kana kwamba haijawahi kuwa na mtu. Msimu wangu wa mwisho ulipoanza, baada ya mavuno, nilifika alfajiri ya kwanza nikamkuta amesimama peke yake kwenye ukingo wa turubai, mikono nyuma. Alinitazama, akatazama njia niliyotokea, akasubiri kidogo.

"Ni wewe tu?"

"Ni mimi tu, Kocha."

"Basi tuanze. Baridi haitungojei."

Mimi alikuwa ameniokota machungani. Nilikuwa nachunga mbuzi wa baba, nacheza mieleka na wenzangu kwenye majani, mmoja akaninyanyua akanitupa. Niliposimama nilimwona yule mtu wa sikio bovu ameegemea uzio. Alisema, "Umeanguka vizuri. Nani amekufundisha?" Nikasema hakuna. Akasema, "Wengi wanajua kuangusha. Wanaojua kuanguka ni wachache. Kesho njoo." Sikuwahi kusifiwa na mtu mzima kwa kushindwa, kwa hiyo nilikwenda.

Alikuwa mtu wa maneno machache, na yale machache aliyarudia mpaka ukayasikia ndotoni. "Angalia kifua, usiangalie uso. Uso unadanganya." "Pumua kwanza, ukasirike baadaye." Alituwekea gunia la mahindi katikati ya turubai, tukalikumbatia, tukalinyanyua, tukageuka nalo na kulilaza taratibu kama mgonjwa. Ukilitupa, ulianza upya. Alitufundisha upinde, yaani kujikunja mtu akikushika chini: visigino na paji la uso ndivyo vinavyogusa ardhi, mgongo wote uko juu, na shingo yako inabeba uzito wako na wa mwenzako. Ndiyo njia ya kutokuwekwa mgongo chini, maana mgongo ukigusa, mchezo umekwisha. Tuliufanya upinde mpaka shingo zetu zikawa nene kuliko za kaka zetu.

Lakini mtu huyu aliyetuambia tusiogope kuanguka, yeye mwenyewe alikuwa mwoga wa mambo madogo. Kwenye kijito chetu kulikuwa na gogo la kuvukia, watoto wa chekechea walilipita wakikimbia. Kocha hakulipita hata mara moja. Alizunguka kwa barabara, mwendo mrefu sana, akatokea upande wa pili amelowa jasho, akasema alitaka kunyoosha miguu. Kuku akichinjwa alijitenga, na nyama ikiiva alikula kwa furaha kama wengine. Nilipopasuka juu ya jicho kwenye mazoezi, alinisafisha jeraha kwa maji ya chumvi, na mikono yake ilitetemeka mpaka ikabidi nimshikie bakuli. "Hii baridi," alisema. Ilikuwa saa saba mchana.

Alipenda ukimya, tena sana. Ukiongea wakati wa mazoezi alikuondoa. Hata hivyo hakuwahi kuizima redio yake. Akienda shambani aliiacha ikisema ndani ya nyumba iliyofungwa. Nilimuuliza haoni anamaliza betri bure. Alinijibu kwamba ukirudi na ukakuta mtu anaongea ndani, kufungua mlango kunakuwa rahisi. Alilisema hilo huku akifunga kamba ya suruali yake, bila huzuni yoyote, kama mtu anayekueleza namna ya kuhifadhi mbegu.

Jumapili alisimama nje ya kanisa, karibu na dirisha, kuanzia wimbo wa kwanza mpaka baraka. Padri alimwalika aingie, akashukuru, akabaki palepale. Sikukuu ya Idi alivaa shati jeupe akaenda Mbulu mjini kula pilau kwa Bwana Shabani, mwenye duka la nafaka, na huko nako alikaa ukumbini na wazee kama mwenyeji. Watu walibishana yeye ni wa dini gani. Alisema, "Mimi naenda ninakoalikwa." Na kabla ya kurudi nyumbani alipita stendi, akasimama karibu na mama anayeuza maandazi, akaangalia basi la kutoka Arusha likishusha watu. Abiria wote wakishuka na kutawanyika, aligeuka na kuondoka. Nilimkuta pale zaidi ya mara moja.

"Unamsubiri nani, Kocha?"

"Simsubiri mtu. Naangalia wanavyotembea."

Labda ilikuwa kweli. Kocha wa mieleka anaangalia miguu ya watu. Lakini niligundua kwamba hakuangalia miguu.

Nyumbani kwetu alianza kuja Jumapili baada ya misa, Mama alipomlazimisha. Alikalia kigoda karibu na mlango, hata tukimwonyesha kiti ndani. Alikula, akasifu maziwa, akaongea na baba kuhusu ngano na kuhusu ng'ombe wanaokohoa, na jua likianza kushuka alinyanyuka. Baba hakupenda mieleka. Alisema ni mchezo wa machungani, si kazi ya mtu mzima. Lakini alimpenda Kocha, kwa sababu Kocha alimsikiliza mpaka mwisho, na sisi watoto wake hatukuwa na subira hiyo.

Msimu huo wa mwisho tulikuwa na shabaha moja. Mashindano ya mieleka yalizunguka, leo Mbulu, kesho Dongobesh, kesho kutwa Karatu, na kila mwaka msimu ulifungwa Katesh, kwenye uwanja ulio chini ya mlima Hanang. Mwaka ule ilitangazwa kwamba atakayeshinda Katesh katika uzito wake ataitwa kwenye kambi ya timu moja ya askari huko Arusha. Kuitwa kambini maana yake ni ajira. Ni kitanda, ni sare, ni jina lako kusomwa mahali. Kwa kijana wa Nambis aliyemaliza kidato cha nne bila kitu cha kuonyesha, hakukuwa na mlango mwingine.

Tatizo lilikuwa mtu wa kufanya naye mazoezi. Wote walikuwa wameondoka. Kwa hiyo Kocha alijifunga kitambaa kwenye goti, akaingia ulingoni yeye mwenyewe. Kila asubuhi nilimwangusha mtu wa umri wa babu yangu, naye kila mara alinyanyuka akasema, "Tena. Umechelewa kuingiza nyonga." Asubuhi moja nilimnyanyua nikamlaza, akabaki amelala chali anatazama juu.

"Kocha?"

"Ngoja kidogo. Naangalia mawingu."

Nilikaa kando yake kwenye turubai. Hapakuwa na mawingu. Baadaye alinipa mkono nimnyanyue, na siku iliyofuata akasema tunakwenda Yaeda Chini.

Tulishuka kwa pikipiki iliyokodishwa, watatu pamoja na dereva, barabara ya mawe inayokuharibu kiuno, kutoka kwenye baridi yetu mpaka kwenye joto la bondeni. Kule vijana wa Kidatoga wakimaliza kunywesha ng'ombe hushikana mieleka palepale kwenye vumbi la kisima, hakuna refa wala filimbi. Kocha aliwasalimia wazee, akatoa tumbaku, akaongea nao taratibu, kisha akanisukuma mbele. Kijana mmoja mrefu, mwembamba, aliniangusha mara nyingi kuliko nilivyowahi kuangushwa na watu wote maishani. Mikono yake ilikuwa kama kamba ya ngozi. Tulikaa huko mpaka nikaanza kumwelewa. Siku niliyomwangusha alicheka kwa sauti, akanipiga begani, akakimbia kwenda kurudisha ndama waliopotea njia. Kocha alikuwa amekaa chini ya mgunga anatafuna kitu. Nilimwona anajifuta uso kwa kofia yake, kwa muda mrefu kuliko jasho lilivyohitaji.

Halafu kulikuwa na uzito. Nilikuwa nimezidi kilo mbili. Tulikwenda Mbulu kupimwa kwenye mizani ya magunia ya Bwana Shabani, naye aliniambia nivue viatu, nivue shati, na bado nikawa nimezidi. Kocha aliamua nile uji mwepesi asubuhi na mboga jioni, na nikimbie nimevaa makoti mawili. Yeye alikula nilichokula mimi. Hakusema kwamba anafanya hivyo, nilimwona tu akirudisha viazi kwenye sufuria. Tuliporudi dukani, Bwana Shabani alitutazama wote wawili, akacheka mpaka akashika kaunta.

"Kocha, anayepimwa ni kijana. Mbona wewe ndiye umekwisha?"

"Kijana yuko sawa?"

"Yuko sawa."

"Basi tumemaliza."

Katesh tulifika kukiwa na upepo mkali na mlima umevaa wingu. Watu wa Nambis walikuja na gari mbili za wazi, wakiimba. Baba alikuja pia, amevaa koti lake la kanisani, akakaa mbali kidogo na wengine kana kwamba alikuwa anapita tu. Niliweka chini mgongo wa mtu wa Babati kabla sijatoka jasho. Yule wa Karatu alinisumbua, lakini nikampata kwa nyonga, ile ile niliyokuwa nikichelewa. Kocha alinimwagia maji kichwani, akasema, "Pumua."

Fainali nilikutana na kijana wa Singida, kifua kipana, macho madogo yaliyotulia. Raundi ya kwanza niliongoza kwa pointi. Raundi ya pili alinivuta, nikateleza, akanipata shingoni kwa mkono wote wa kulia na kunikunja kwenda chini. Nilienda upinde. Visigino chini, paji chini, mgongo juu. Uzito wake wote ulikuwa kwenye shingo yangu, na nilisikia watu wa Nambis wakipiga kelele kama wanaona nyumba ikiungua. Lakini mimi nilikuwa shwari. Nataka hili lieleweke. Nilikuwa nahesabu pumzi zake. Mtu anayekandamiza vile huchoka, na mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kulegea kidogo. Nilijua nitageukia upande gani. Nilikuwa nasubiri pumzi moja tu.

Filimbi ikalia. Nikadhani mgongo wangu umegusa bila mimi kujua. Uzito ukaondoka juu yangu, nikafungua macho, na kitu cha kwanza nilichokiona ni makatambuga. Kocha alikuwa amesimama juu ya turubai la ulingo na viatu vyake vya tairi, mkono mmoja ameuinua kwa refa na mwingine ameuweka begani mwangu.

"Basi," alimwambia refa. "Tunaacha."

"Kocha, sijaumia."

"Twende."

"Kocha! Sijaumia! Nilikuwa natoka!"

"Twende, Paskali."

Mtu wako akiingia ulingoni, umeshindwa. Ndiyo sheria. Refa aliinua mkono wa yule wa Singida, ambaye mwenyewe alionekana kutoelewa. Nesi wa mashindano alinikalisha kwenye benchi, akanigeuza shingo kulia, kushoto, akanibonyeza mfupa kwa mfupa. Akasema, "Huyu hana kitu. Shingo nzima kabisa." Alilisema mbele ya Kocha. Kocha alikuwa anakunja taulo. Alilikunja, akalikunjua, akalikunja tena.

Kurudi Mbulu watu wa Nambis hawakumsemesha. Kwenye gari walimwachia nafasi kubwa, pande zote mbili, ingawa tulikuwa tumebanana. Tulipofika Dongobesh vijana walikuwa wameshaamua kwamba ameuza pambano. Baba, ambaye hakutaka nipigane tangu mwanzo, ndiye peke yake aliyemtetea. Alisema, "Ameuza kwa nani? Mtu aliyeuza si angekuwa hata na viatu vya maana?" Wengine walicheka kidogo. Mimi sikucheka wala sikumtetea mtu. Nilikuwa nageuza shingo yangu kulia na kushoto, nikitafuta maumivu. Ningepata hata kidogo ningemshukuru.

Jumapili alikuja nyumbani kama kawaida, akakalia kigoda chake karibu na mlango. Mama alimpakulia. Nilichukua sahani yangu nikaenda nayo zizini. Kutoka kule niliwasikia, yaani sikusikia kitu, vijiko tu. Alimaliza, akamshukuru Mama, akasema maziwa ni mazuri. Hakuja tena. Sikurudi kwake pia, na hakumtuma mtu kuniita. Mvua zilipoanza, siku ya mnada nilimwona amekaa juu ya mizigo kwenye lori linalokwenda upande wa Katesh, godoro lake limefungwa kamba, redio ameipakata. Alinyanyua kichwa, nadhani aliniona. Lori likaondoka.

Turubai alikuwa ameliacha. Upepo ulilichana pembeni, na Mama akaenda akakata kipande kilichokuwa bado kizima akafunikia maharage. Maranda yalioza, yakaota uyoga, na mpangaji mpya akapanda kabichi nzuri pale.

Sikuwa askari. Nilijifunza kuendesha, na siku hizi naendesha Fuso la Bwana Shabani, ambaye sasa ananunua viazi na vitunguu swaumu kila kona ya Mbulu na Hanang. Nimeoa, nina mtoto. Sikuishi vibaya. Lakini miaka yote hiyo, nikiwa peke yangu barabarani, nilirudi kwenye pumzi ile moja. Nilibishana naye. Nilimwambia alichoona hakikuwepo. Nilijibu kwa niaba yake, kwamba yeye ni mtu mzima, amepigana, aliona kitu ambacho mimi na nesi hatukukiona, labda mfupa uliotaka kwenda, labda jicho langu lilibadilika. Mwishowe nilikubali hivyo. Ilibidi awe ameona kitu. Niliishi na hilo.

Mwaka huu, msimu wa viazi, nilitumwa Gitting, huko Hanang, kupakia kwenye shamba moja la juu, karibu na msitu. Ukungu ulikuwa chini, taa nimewasha asubuhi. Mlinzi alinifungulia geti, mzee ndani ya koti kubwa, kofia ya sufu imefika machoni. Niliegesha, nikashuka, nikaenda kumsalimia kama inavyotakiwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana. Viazi viko nyuma ya banda, wapakiaji wanakuja sasa hivi."

Sauti niliifahamu kabla ya kuona sikio. Yeye hakunifahamu. Nimenenepa, nina ndevu, na macho yake yalikuwa na ule weupe wa uzee. Nilisimama nikijua kwamba naweza kupakia viazi na kuondoka, na hakuna mtu atakayejua.

"Kocha," nilisema. "Ni Paskali. Wa Nambis."

Alivua kofia, sijui kwa nini, akaishika kifuani. Kisha akasema, "Mama hajambo?"

"Hajambo. Anakuulizia."

"Na mzee?"

"Yupo. Bado anasema ng'ombe wanakohoa."

Alicheka bila sauti. Alinipeleka kwenye kibanda chake, chumba kimoja cha mabati, akanitengenezea chai kwenye jiko la mkaa. Kulikuwa na kikombe kimoja. Alinipa hicho, yeye akanywa kwenye mfuniko wa chupa ya chai. Tuliwasikia wapakiaji wakirushiana maneno na magunia. Tuliongea kuhusu bei ya viazi, kuhusu barabara, kuhusu wazee wa Nambis waliokufa. Halafu nikaona kwamba nisipouliza sasa, nitabishana naye barabarani mpaka nizeeke.

"Kocha. Katesh uliona nini?"

Hakujifanya haelewi.

"Sikuona kitu," alisema.

"Kwenye shingo yangu. Uliona nini?"

"Sikuona kitu, Paskali. Ulikuwa umekaa vizuri. Visigino vilikuwa sawa."

"Ningetoka."

"Najua. Nilipokushika bega tu, nikajua ungetoka. Lilikuwa limetulia kabisa."

Nilikiweka kikombe chini. "Basi kwa nini?"

Alizungusha mfuniko mikononi. "Niliogopa," alisema. "Nimewaona vijana wengi wakikunjwa vile. Wote nilikaa kwenye benchi nikawasubiri. Wanatoka, au hawatoki, ndiyo mieleka. Siku ile nilishindwa kukaa. Nilijikuta niko pale juu."

"Kwa nini siku ile?"

"Wale wengine walikuwa wachezaji," alisema.

Nilisubiri aendelee, lakini alikuwa amemaliza. Alikuwa anatazama mkaa. Nilikuwa nimejiandaa miaka mingi kusikia sababu, ya kukubali au ya kukataa, na hii haikuwa sababu ya kubishana nayo. Nilimtazama mikono, kucha zimekatwa fupi kama zamani, na nikafikiria jinsi alivyokaa kwenye kigoda Jumapili ile akisifu maziwa, na hili likiwa ndani yake, na hakuna aliyemuuliza. Nilisema, "Chai ni nzuri, Kocha."

"Majani ni ya hapa hapa dukani," alijibu.

Baadaye aliniuliza kama nina mtoto. Nilimwambia ninaye, wa kike, anajifunza kutembea, anapanda juu ya kila kitu. Akasema, "Watakwambia akianguka umwache ainuke mwenyewe. Mimi nilikuwa nawaambia watu hivyo."

Wapakiaji walimaliza, wakafunga turubai juu ya magunia, wakagonga bodi. Nilimwambia aje Nambis Krismasi, Mama atafurahi. Akasema atakuja. Nilimwambia naweza kumpitia na gari. Akasema hapana, atakuja mwenyewe, na tulijua wote wawili kwamba hatakuja. Nilipanda, nikawasha. Alifungua geti, kisha badala ya kukaa kando akazunguka mpaka upande wangu, akaweka mkono kwenye mlango, chini ya dirisha.

"Kona ya tatu ina utelezi," alisema. "Nenda polepole. Umepakia sana."

"Naijua, Kocha. Nimeipita asubuhi."

"Najua unaijua," alisema.

Lakini hakuondoa mkono. Nyuma yangu mpakiaji mmoja alipiga bodi tena, twende. Nilizima injini, nikasubiri mpaka auondoe mwenyewe.